Daktari wa upasuaji na wakili: mwanamke au mwanamume? Ulinganisho kutoka Malindi na Lamu

Mamangu alificha uvimbe wa titi kwa miezi minane. Aliufunika kwa leso, akawa analala kwa ubavu mmoja, na kila nikimwuliza mbona mkono wa kushoto hauinuki akianika nguo, jibu lilikuwa lilelile: "Baridi yabisi, mwanangu." Nilikuja kujua siku ya Idi, nilipomkumbatia akashtuka kwa maumivu. Alipokubali kusema, sababu ilikuwa moja tu. Zahanati aliyoiendea mara ya kwanza alimkuta daktari mwanamume, mlango uko wazi nusu, na foleni ya watu imesimama papo hapo nje. Akajifunga buibui lake akaondoka. Hakurudi.

Mwaka huohuo shangazi yangu alikuwa Lamu akipigania nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Wakili wake wa kwanza alikuwa mwanamume, wa pili mwanamke, na baina ya hao wawili kesi iligeuka sura. Mimi naishi Malindi, kwa hiyo nikawa mtu wa kupanda basi: wiki hii niko hospitalini na mamangu, wiki ijayo niko Mokowe nangoja boti ya kuvukia kisiwani. Katika safari hizo zote, jamaa na majirani walikuwa na swali moja: "Mmempata mke au mume?" Yaani daktari, au wakili, ni mwanamke au mwanamume?

Swali hilo si la kubezwa. Mamangu karibu alipe kwa uhai wake kwa sababu hakuna aliyelichukulia kwa uzito pale zahanati. Lakini nimekuja kuona kwamba tunaliuliza mahali pasipo pake. Jinsia ina uzito mkubwa pale mtu anapovua nguo na pale anapofungua siri. Kwenye kisu na kwenye jalada, uzito wake ni mdogo. Tatizo ni kwamba tunamchagua mtu mmoja kwa kazi hizo mbili, kisha tunampima kwa kigezo cha kazi moja.

Mkono unaoshika kisu

Nianze na madaktari, maana huko kuna hesabu za kushika.

Mwaka 2017 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa Kanada, katika jimbo la Ontario. Walitazamwa wagonjwa 104,630 waliopasuliwa na madaktari 3,314, wakalinganishwa wale waliofanana kwa umri, kwa maradhi na kwa aina ya upasuaji. Katika siku 30 za mwanzo, waliofariki, waliorudishwa hospitalini au waliopata matatizo walikuwa asilimia 11.1 kwa madaktari wanawake na 11.6 kwa wanaume. Nusu ya asilimia: katika kila wagonjwa 200, tofauti ni ya mmoja.

Watafiti wale hawakuishia hapo. Mwaka 2022, katika jarida la JAMA Surgery, walitoa hesabu ya wagonjwa 1,320,108. Safari hii walimtazama na mgonjwa pia: ni mke au mume? Wagonjwa wanawake waliopasuliwa na wanaume walionekana kuwa na uwezekano wa matatizo uliozidi kwa asilimia 15 ukilinganisha na wanawake waliopasuliwa na wanawake wenzao. Wanaume waliopasuliwa na wanawake hawakupata madhara zaidi. Mwaka 2023 wakafuatilia hadi mwaka mzima baada ya upasuaji: matatizo yaliwafika asilimia 25.0 ya wagonjwa wa madaktari wanaume, na asilimia 20.7 kwa madaktari wanawake. Mwaka huohuo Uswidi ikatoa yake, wagonjwa 150,509 waliotolewa kifuko cha nyongo. Madaktari wanawake walichukua muda mrefu zaidi mezani, na wagonjwa wao wakapata matatizo machache zaidi.

Ukisoma hapo tu utasema basi, niondokee mwanamume. Lakini Japani nao walichunguza, mwaka 2022, upasuaji wa saratani ya tumbo na ya rektamu, yaani mwisho wa utumbo mpana. Hawakukuta tofauti, japokuwa madaktari wanawake huko walikuwa wakipewa wagonjwa wenye hali ngumu zaidi.

Mimi nazisoma tafiti hizi hivi. Hakuna hata moja inayompa mtu haki ya kumkataa daktari wa upasuaji kwa kuwa ni mwanamke. Yule baba anayesema "mwanamke hana moyo wa kupasua" hana pa kusimama. Kuhusu wanawake wanaopasuliwa na wanaume, ile asilimia 15 inanisumbua, na nadhani sehemu yake haiko kwenye mkono. Iko kwenye maumivu ya mwanamke kutosikilizwa, au mwanamke mwenyewe kuyanyamazia mbele ya mwanamume. Nilimwona mamangu siku ya pili baada ya upasuaji. Daktari alipopita akamwuliza hali, akajibu "salama, alhamdulillahi". Daktari alipotoka tu, akanishika kiganja: "Pananichoma huku chini ya kwapa." Nikamkimbilia muuguzi, bendeji ikafunguliwa, na kweli palikuwa pamejaa maji.

Sasa linganisha na haya. Mwaka 2013 huko Michigan, Marekani, madaktari 20 wa upasuaji wa kupunguza tumbo walijirekodi video wakiwa kazini. Wenzao wakatazama video za ndani ya tumbo, vyombo vikikata na kushona, bila kujua ni kazi ya nani, wakawapa alama. Robo ya madaktari waliopata alama za chini, wagonjwa wao walipata matatizo kwa asilimia 14.5. Robo ya juu, asilimia 5.2. Hiyo ni karibu mara tatu, na aliyetoa alama hakujua kama mkono ni wa mke au wa mume.

Na liko moja la huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, ukurasa mmoja tu, unaosomwa kwa sauti kabla ya kukata na kabla ya mgonjwa kutolewa: jina lake, sehemu inayopasuliwa, dawa anazodhurika nazo, dawa ya kuzuia maambukizo imetolewa au la, vitambaa na sindano zimehesabiwa au la. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane ulimwenguni, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, Tanzania. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka 11.0 hadi 7.0. Kipunguo hicho cha matatizo kinaizidi ile nusu asilimia ya mwaka 2017 mara nane, na kimeletwa na karatasi.

Kwa hiyo ukiwa na swali moja tu la kumwuliza daktari, uliza ameshafanya upasuaji huo mara ngapi mwaka huu. Ukiwa na la pili, uliza nani anatoa nusukaputi na nani atakuwapo usiku wa kwanza.

Kabla ya kisu

Hapa ndipo jinsia inapokuwa kubwa, na hapa ndipo watu wetu wanapopotea.

Nilimpeleka mamangu kwa daktari mwingine Malindi. Alikuwa mwanamume tena, kijana wa umri wa mdogo wangu. Nilidhani atakataa. Lakini yule kijana alianza na "Shikamoo, mama." Akavuta kistuli, akakaa chini ya usawa wa macho yake. Akamwita muuguzi wa kike, akafunga mlango, akavuta na pazia. Kisha akasema: "Mama, nitashika hapa na hapa tu. Muuguzi yuko nawe. Ukitaka niache, sema." Mamangu akafungua leso upande mmoja, upande mwingine akaubana na kiwiko. Muda wote hakumtazama daktari, alimtazama muuguzi. Dakika nne zikatosha.

Siku ya upasuaji, kabla ya nusukaputi, kijana yuleyule alimchora mstari kwa kalamu ya wino kwenye upande utakaopasuliwa na kumwuliza: "Ni huku, mama?" Mamangu akaitikia kwa kichwa. Alama ile ilikaa siku tatu haijafutika.

Ukiwalinganisha madaktari wawili wale wa mamangu, wote ni wanaume. Mmoja alimpotezea miezi minane, mwingine akamponya. Tofauti ilikuwa mlango, pazia, muuguzi na kauli. Vitu hivi vyaweza kuombwa, na kuviomba ni haki ya mgonjwa.

Wapo watakaosema dini hairuhusu. Wanazuoni wetu wameliweka wazi kwa utaratibu: mwanamke aanze kwa daktari mwanamke mwenye ujuzi. Asipopatikana, mwanamume atatazama kiasi cha haja tu, na awepo mtu mwingine. Kanuni ya fikihi inasema dharura huhalalisha lililokatazwa. Na historia yenyewe ipo: Saad bin Muadh, sahaba wa Mtume, alipojeruhiwa katika vita vya Khandaki aliwekwa katika hema la Rufaida, mwanamke aliyekuwa akiwatibu majeruhi msikitini Madina. Mwanamume akatibiwa na mwanamke, mbele ya masahaba.

Na wanaume tusiwasahau, maana aibu haina jinsia. Pwani hii matende na mabusha ni maradhi ya miaka mingi, yanaletwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Busha haliponi kwa dawa za kumeza. Tiba yake ni upasuaji, na kwa kawaida ni upasuaji mdogo, mtu hata hatiwi usingizi mzima. Hata hivyo nawajua wazee wanaotembea na mzigo huo chini ya kikoi kwa miaka kumi, kisha akisikia daktari wa zamu ni mwanamke anarudi nyumbani. Kwa mzee kama huyo, kama daktari mwanamume yupo na siku yake inajulikana, mwandikie siku hiyo, umalize. Busha la miaka kumi linaweza kungoja wiki mbili. Lakini ngiri iliyonyongeka haingoji. Mtu anatapika, uvimbe umekuwa mgumu hauingii ndani: hapo hata akiwa binti wa jirani ndiye daktari, apasue.

Tezi dume ni hivyohivyo. Kipimo cha kidole ni cha dakika moja, na mzee akitaka apimwe na mwanamume mwenzake, apewe. Akishalazwa kwa upasuaji, zile hesabu za Kanada zimeshasema: wanaume waliopasuliwa na wanawake hawakupata hasara.

Wakili: jalada na siri

Kwa mawakili sina hesabu za asilimia za kukuwekea mezani. Nina kazi yao nilivyoiona.

Wakili wa kwanza wa shangazi alikuwa mtu mzima mwenye sifa. Alikutana naye mara tatu, na mara zote tatu shemeji wa shangazi alikaa kiti cha pembeni, kwa kuwa ndiye aliyemtafuta wakili na ndiye aliyekuwa akilipa nauli. Jalada liliandikwa sawasawa: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, orodha ya warithi. Nyumba yote ni ya marehemu, watoto wapo, kwa hiyo mke ana thumni yake, yaani moja ya nane. Kwa yale aliyoambiwa, wakili hakukosea.

Na hapa niseme jambo ambalo wanawake wengi hulipata vibaya. Mafungu ya mirathi ya Kiislamu yamepangwa. Mke ana thumni kukiwa na watoto, robo wasipokuwepo. Binti ana nusu ya fungu la nduguye. Ukimweka wakili mwanamke hawezi kuongeza hata senti kwenye fungu, na ukimweka mwanamume hawezi kupunguza. Linalogombewa ni kipi kiingie kwenye mirathi na kipi kisiingie. Gharama za mazishi, madeni na wasia hutangulia kabla ya kugawa. Hapo ndipo kesi inaposhinda au kushindwa, na hapo panategemea mtu amesema nini.

Wakili wa pili, mwanamke, alimwomba shemeji angoje nje. Akaagiza chai. Hakuuliza habari za vyeti, aliuliza: "Bi, ghorofa ya juu mliijenga lini, na kwa fedha gani?" Shangazi akanyamaza. Akaokota ncha ya mtandio wake akawa anaikunja na kuikunjua. Kisha yakatoka. Alikuwa na bangili sita za dhahabu za harusi yake. Aliziuza moja moja kwa sonara Mombasa, ndizo zilizonunua boriti, chokaa na saruji za ghorofa ile. Watu aliwaambia bangili ziko kwa mamake zimewekwa. Mumewe alimwomba asiseme, aliona haya kujengewa nyumba na mkewe. Mtu amekufa, na shangazi hakutaka kumvua nguo marehemu mbele ya ndugu yake. Risiti mbili za sonara zilikuwamo kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda, miaka kumi na tisa.

Kuanzia siku hiyo ile haikuwa tena kesi ya thumni. Alikuwa ni mtu mwenye haki yake ndani ya nyumba kabla ya mirathi kugawanywa. Iliishia kwa suluhu: familia ilikubali ghorofa ya juu ni yake, kilichobaki kikagawanywa kwa sharia.

Nilimwuliza shangazi baadaye: yule wakili wa kwanza angemtoa shemeji nje na kukuuliza hivyohivyo, ungemwambia? Alifikiri kidogo. "Labda ningemwambia nusu." Jibu hilo ndilo kipimo changu. Nusu ni kazi ya kumtoa shemeji chumbani na kuuliza swali sahihi, na hiyo wakili yeyote anaiweza. Nusu nyingine ilihitaji mwanamke.

Kuhusu kusimama mbele ya kadhi: wapo wanaomkimbia wakili mwanamke wakidhani hatasikilizwa, kwa kuwa makadhi wetu ni wanaume. Mahakama ya Kadhi iko kwenye Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, na sheria inayoiongoza inasema mashahidi wote wasikilizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na kwamba kila jambo liamuliwe kwa uzito wa ushahidi, si kwa idadi ya mashahidi. Mawakili wanawake wanasimama humo na kesi zao zinasikilizwa. Na mwenye shaka na asome Sura ya 58, Al-Mujadila: Khawla bint Thaalaba alikwenda kwa Mtume kujadiliana juu ya mumewe, na Mola akamsikia.

Upande wa pili niutoe pia. Jirani yangu hapa Malindi alikuwa na kesi ya shamba. Akachagua wakili mwanamke kwa hoja moja tu, kwamba wanawake hawanunuliki. Yule wakili hakufika mahakamani tarehe mbili, kesi ikatupwa kwa kutofuatiliwa, na kuirudisha kulimgharimu jirani zaidi ya ada ya mwanzo. Kesi ya shamba haina siri ya kusemewa faraghani. Ina hatimiliki, ina upekuzi wa rejista ya ardhi, ina mpimaji, ina tarehe. Kudai ardhi mahakamani kuna mwisho wa miaka 12, mkataba miaka sita, kuumizwa miaka mitatu. Wakili asiyejua kuhesabu siku atakuangusha, awe anavaa suti ya namna gani.

Na wale wanaomtaka mwanamume "apige ngurumo mahakamani", wanamngurumia nani? Jaji Mkuu wa Kenya tangu 2021 ni Martha Koome. Mwanamke wa kwanza kukaa Mahakama Kuu, Effie Owuor, aliteuliwa 1982. Huenda anayekusikiliza Malindi ni mwanamke pia, na uamuzi wake ataukamua kutoka kwenye karatasi ulizowasilisha.

Lamu, swali la kwanza ni "wa nani?"

Kisiwani kuna jambo linaloipita jinsia, na mgeni hawezi kuliona. Mji ni mdogo. Wakili mwanamke aliyekupendeza huenda ni binti wa ami yake mnayeshitakiana naye. Daktari mwanamke huenda alisoma madrasa moja na mke mwenzio. Mtu anayetafuta mwanamke ili siri yake isitiriwe anaweza kuipeleka siri hiyo moja kwa moja kwenye baraza anayoikimbia.

Kwa kesi za ndoa na mirathi, mimi huwashauri watu wa Lamu wamtafute wakili Malindi au Mombasa, hata kama atatoza nauli. Tangu 2020 shughuli nyingi za mahakama hufanyika kwa video, kwa hiyo si kila tarehe itamlazimu wakili kuvuka bahari. Na umwulize waziwazi siku ya kwanza: una undugu au kazi yoyote na upande wa pili? Wakili mwadilifu hatachukia.

Mwanamke asiye na fedha asikae nyumbani. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa 1985, kina ofisi Mombasa na huwasaidia wanawake wasiojiweza.

Basi umchague nani?

Ukiwa mwanamke na unakwenda kupimwa mara ya kwanza titi, kizazi au sehemu za siri, tafuta daktari mwanamke kama kumpata hakutakuchelewesha zaidi ya wiki moja au mbili. Kukichelewa zaidi, nenda kwa mwanamume na uombe muuguzi wa kike. Kwa upasuaji wenyewe, mchague aliyefanya mingi katika hospitali yenye damu na mtu wa nusukaputi. Wakiwa wawili wanalingana kwa hayo, mimi kama mwanamke ningemchukua mwanamke, kwa ile asilimia 15 na kwa sababu kesho yake asubuhi nitamwambia panaponichoma.

Fomu ya ridhaa usimwachie mwingine. Mtu mzima mwenye akili zake hujitilia saini mwenyewe, na sheria haimlazimishi kungoja mume arudi kutoka baharini. Nimewaona wanawake wakirudishwa nyumbani kwa hilo.

Kesi ya talaka, matunzo, kupigwa, au mirathi yenye jambo la ndani ya nyumba: mwanamke kwa mwanamke, kama yupo mwenye uzoefu wa Mahakama ya Kadhi. Asipokuwepo, mwanamume anayekubali kukusikiliza peke yako. Kesi ya shamba, biashara, ajali, kazi: sahau jinsia kabisa, uliza tarehe na nyaraka. Mwanamume mwenye kesi ya ndoa naye achague atakayeweza kumwambia ukweli. Wapo wanaume ambao aibu ya unyumba wataisema kwa mwanamke kwa urahisi zaidi kuliko kwa mwanamume mwenzao, na hilo si kosa.

Aliyebakwa, mke au mume au mtoto, asingoje yeyote. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianzwe ndani ya saa 72. Nenda kwa aliyeko zamu, na uombe atakayekuhoji awe wa jinsia unayoitaka. Sheria ya makosa ya kingono ya 2006, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, inawapa mashahidi walio katika hali ngumu njia za kulindwa wanapotoa ushahidi.

Kabla ya kulipa shilingi yoyote, hakikisha mtu ni mtu kweli. Daktari anatafutwa kwenye rejista ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, na wakili kwenye orodha ya Chama cha Mawakili, LSK, zote ziko kwenye intaneti. Angalia leseni ni ya mwaka huu. Wakili akupe makubaliano ya ada kwa maandishi na risiti kwa kila malipo, na akuambie ni nani hasa atakayesimama siku ya kesi, yeye au mwenzake wa ofisini.

Usiku, boti moja, daktari mmoja

Yote niliyoyasema ni ya mtu mwenye nafasi ya kuchagua. Mjamzito wa Faza au Kiunga aliyefikishwa Lamu kwa boti saa nane za usiku, mtoto amekaa vibaya, hana nafasi hiyo. Atapasuliwa na aliyeko. Lakini hata hapo yako mambo mawili mikononi mwa anayemsindikiza, na ni vizuri mkayajua kabla mimba haijafika miezi tisa.

La kwanza, mwambieni muuguzi wa zamu, mapema, akiwa bado anajaza faili: "Tunaomba muuguzi mwanamke awe naye muda wote, na afunikwe pasipopasuliwa." Mwombeni aliandike. La pili, mwanamke wa nyumbani mwenu awe karibu na kitanda asubuhi daktari anapopita. Aulizwe mgonjwa hali yake daktari akiwepo, kisha aulizwe tena akishatoka. Majibu yakitofautiana, mfuate daktari kwenye korido kabla hajafika kitanda cha tatu, umwambie ni wapi panauma.